Mgeni siku mbili: hesabu inayomfanya mteja mpya wa simu apate nafuu kuliko wewe wa zamani

Chukua watu wawili walio kwenye mtandao mmoja wa simu, wanaotumia mnara mmoja na kifurushi cha aina moja. Mmoja amejiunga wiki iliyopita, mwingine ana miaka saba na laini yake. Ukilinganisha wanacholipa, mara nyingi utakuta yule wa wiki iliyopita analipa kidogo, au analipa sawa lakini anapata GB mara mbili, au amechukua simu mpya kwa bei ambayo wa miaka saba akiiulizia huambiwa, "Hiyo ni ya wateja wapya tu." Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kampuni za simu zimeigeuza methali hiyo kuwa sera: siku mbili ni miezi ya ofa, jembe ni bili kamili inayofuata.

Wateja wengi huliona hili kama dharau. Si dharau, ni hesabu, na kwa upande wa kampuni ni hesabu nzuri. Anayeielewa hujua pia inalegea wapi.

Namba tatu

Kwa kila mteja kampuni huangalia mambo matatu: anacholipa kwa mwezi, gharama ya kumhudumia, na uwezekano wa kuondoka kwake. Tuweke namba za mfano, uzisome kwa fedha yoyote unayotumia. Mteja analipa 20 kwa mwezi, kumhudumia kunagharimu 8, inabaki faida ya 12. Kila mwezi wateja 2 kati ya 100 huhama au huacha laini, kwa hiyo kwa wastani mteja hukaa miezi 50. Zidisha 12 kwa 50, unapata 600. Hiyo ndiyo thamani ya mteja mmoja kabla ya kutoa gharama za kumpata.

Ukimpunguzia mteja mpya 3 kila mwezi kwa mwaka mzima, umetoa 36 kati ya 600. Ongeza kamisheni ya wakala na sehemu yake ya gharama za matangazo, bado kunabaki cha kutosha. Isitoshe, punguzo lenyewe linaisha bila mtu kulifuta.

Sasa jaribu kuwapa punguzo hilo hilo la 3 wateja wote wa zamani, bila kikomo cha muda. Faida kwa mwezi inashuka kutoka 12 hadi 9. Ili thamani irudi kwenye 600, mteja inabidi akae karibu miezi 67 badala ya 50, yaani wanaohama wapungue kutoka asilimia 2 hadi 1.5. Kwa lugha nyepesi: robo ya wote wanaoondoka wangepaswa kubadili mawazo kwa sababu ya punguzo hilo peke yake. Lakini miongoni mwa wanaoondoka wapo waliohamia mahali ambapo mtandao haushiki, waliopewa laini na mwajiri, waliopoteza simu na wasihangaike kurudisha namba, na waliofariki. Punguzo haliwarudishi hao. Mhasibu akifika hapo anafunga daftari.

Inabaki njia ya tatu, ambayo ndiyo inayotumika: usimpe mtu chochote mpaka aonyeshe dalili za kuondoka. Ndiyo maana kampuni nyingi zina kitengo maalumu cha kubakisha wateja, na ndiyo maana mtoa huduma wa kawaida anayepokea simu yako hana mamlaka ya kukupunguzia hata senti. Punguzo lipo. Limewekwa mlango wa kutokea.

Mifumo ya kampuni humpa kila mteja alama ya uwezekano wa kuhama. Dalili zinazoipandisha ni kama kununua vocha kidogo kuliko kawaida, kulalamika mara kadhaa huduma kwa wateja, mkataba kukaribia mwisho, na laini kukaa kimya siku nyingi. Aliye na miaka saba, ananunua kifurushi kile kile kila Jumatatu na hajawahi kulalamika, alama yake iko chini kabisa. Tabia ambazo jirani yako angeziita za mteja mwema ndizo zinazoliondoa jina lako kwenye orodha ya ofa.

Kuna sababu nyingine isiyosemwa sana. Wauzaji na mawakala hulipwa kwa laini mpya iliyosajiliwa na kuanza kutumika. Hakuna anayelipwa kamisheni kwa sababu mteja wa zamani ameendelea kuridhika kimya kimya. Taarifa za kampuni kwa wawekezaji nazo hutangaza idadi ya wateja walioongezeka. Ukimtuma mtu akavue samaki na kumlipa kwa kila samaki mpya, usishangae akiacha kuangalia ndoo.

Kwenye laini za vocha

Kwa laini za kulipia kabla, ubaguzi huu hauonekani kirahisi kwa sababu hakuna mkataba wala bili. Unajificha kwenye menyu ya vifurushi. Bei za wazi zinafanana kwa wote, ila kipengele cha "ofa zako" hutengenezwa kwa kila namba peke yake. Kanuni yake ya kawaida ni kukusogeza juu kidogo ya matumizi yako ya sasa. Anayetumia kidogo hupewa kifurushi kinono cha kumshawishi, anayetumia kingi hupewa kifurushi cha bei kubwa zaidi bila unono huo, kwa kuwa kumpa nafuu ni kupoteza pesa ambayo angeilipa tu.

Laini zilizolala hutendewa vizuri kuliko zilizo hai. Kampuni nyingi huhesabu mteja kuwa hai ikiwa ametumia laini ndani ya siku 90 zilizopita. Laini inapokaribia kutoka kwenye hesabu hiyo, huanza kupokea ujumbe wa "tumekukumbuka" ukiambatana na GB za bure. Wapo wanaoilaza laini kwa makusudi ili wapate ofa hizo. Hufanya kazi wakati mwingine, lakini ujue unachocheza nacho: laini isiyotumika hufungwa, na namba yake baadaye hupewa mtu mwingine pamoja na ujumbe wote wa benki unaoelekezwa kwenye namba hiyo. Usiilaze namba ambayo akaunti zako zimeshikizwa.

Kwenye mikataba yenye simu ndani

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Tuseme bili yako ni 40 kwa mwezi kwa miezi 24. Ndani yake huduma ni 18, na 22 ni malipo ya simu. Baada ya miezi 24 umelipia simu 528 na deni limekwisha. Ikiwa mkataba umeandikwa kwa namba moja tu ya 40, bila kutenganisha simu na huduma, mwezi wa 25 unalipa 40 vile vile, na wa 26 pia. Zile 22 sasa zinalipia simu ambayo tayari ni yako. Mteja mpya wa huduma hiyo bila simu analipa 18 au chini yake.

Uingereza ndiko jambo hili lilikopigiwa kelele zaidi. Septemba 2018 shirika la Citizens Advice lilipeleka malalamiko rasmi kwa mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, likisema wateja wa zamani katika masoko matano (simu za mkononi, intaneti ya nyumbani, bima ya nyumba, akiba za benki na mikopo ya nyumba) wanalipa zaidi kwa takriban pauni bilioni 4 kwa mwaka. Desemba mwaka huo mamlaka ilikubali kwamba tatizo ni la kweli. Kuanzia Februari 2020 kampuni za simu huko zinalazimika kumjulisha mteja mkataba unapokaribia kwisha, atakuwa analipa nini baadaye, na ofa bora zilizopo, zikiwemo zile wanazopewa wateja wapya. Umoja wa Ulaya nao, kupitia mwongozo wa mwaka 2018, unataka mteja ashauriwe kifurushi kinachomfaa zaidi angalau mara moja kwa mwaka, na ukomo wa kumfunga mlaji kwa mkataba ni miezi 24.

Marekani mtindo umechukua sura nyingine. Simu hutangazwa kuwa ya bure, lakini bei yake kamili inaandikwa kama deni, kisha kila mwezi kampuni inakurudishia kipande kwenye bili, kwa baadhi ya kampuni hadi miezi 36. Ukiondoka mwezi wa 15, marejesho ya miezi 21 yanakatika na deni lililobaki ni lako. Ofa ya mgeni imegeuka mnyororo wa mwenyeji.

Tofauti ya tatu ni ya vifurushi vya zamani. Bei ya data hushuka mwaka hadi mwaka, lakini kampuni haikuhamishi yenyewe kutoka kifurushi cha zamani kwenda kipya. Unaweza kulipia GB 5 bei ambayo leo inanunua GB 30, bila mtu kukuambia. Tahadhari lakini: vipo vifurushi vya zamani vyenye masharti mazuri ambayo hayauzwi tena, kwa mfano data isiyo na kikomo au simu za nje zilizojumuishwa. Ukitoka huko hurudi. Soma masharti ya cha zamani kabla hujavutiwa na kipya.

Kwa nini sheria isikataze tu?

Imejaribiwa. Korea Kusini ilianza kutumia sheria ya ruzuku za simu Oktoba 2014. Kabla yake, watu wawili walinunua simu ya aina moja siku moja kwa bei zinazopishana vibaya, kutegemea duka na kama mtu anahama mtandao au anabaki. Sheria ikataka ruzuku zitangazwe na ziwe sawa, ikaweka na kikomo. Matokeo yalikuwa usawa wa aina isiyotarajiwa: wengi waliona kwamba badala ya mwenyeji kupandishwa hadi kwa mgeni, mgeni ameshushwa hadi kwa mwenyeji. Kikomo kiliondolewa 2017, na Julai 2025 sheria yenyewe ikafutwa.

Japani ilipita njia tofauti Oktoba 2019: ilitenganisha bei ya simu na bei ya huduma, ikaweka ukomo wa yeni 20,000 kwa punguzo la simu linalofungwa na huduma, na ikashusha faini ya kuvunja mkataba hadi yeni 1,000 kutoka kiwango kilichozoeleka cha 9,500. Kwenye bima ya nyumba na magari, Uingereza ilikataza kabisa, kuanzia Januari 1, 2022, kumtoza anayehuisha bima zaidi ya anayejiunga upya kwa njia ile ile. Kwenye simu haikufika huko.

Kwa maoni yetu njia ya Japani ya kulegeza kamba za kuondokea ina mantiki kuliko kukataza ofa. Ushindani wa simu unaendeshwa na watu wachache wanaohama. Ukizuia wasishawishiwe, kampuni hazina sababu ya kushusha bei kwa yeyote. Kinachomlinda mteja ni urahisi wa kuondoka na namba yake. Singapore ilianza kuruhusu kuhama na namba 1997, Marekani 2003, Afrika Kusini 2006, Kenya 2011, Tanzania 2017.

Kabla ya kupiga simu

Anza na karatasi. Tafuta tarehe ya mwisho wa mkataba, salio la deni la simu kama lipo, na faini ya kuondoka mapema. Kisha angalia matumizi ya miezi mitatu iliyopita, si ya mwezi mmoja: dakika, ujumbe na GB. Wengi hugundua wanalipia GB 40 na kutumia 9. Angalia pia kama simu imefungwa kwa mtandao mmoja. Njia rahisi ni kuazima laini ya mtandao mwingine, kuiweka na kujaribu kupiga.

Halafu tafuta ofa ya mshindani unayoweza kweli kuichukua, na ile ambayo kampuni yako inawapa wateja wapya. Usilinganishe bei ya mwezi wa kwanza. Linganisha jumla: malipo ya kuanzia, jumlisha bei ya kila mwezi mara miezi yake, jumlisha ada. Mfano: ofa ya mgeni ni 10 kwa miezi 6, halafu 22 kwa miezi 18. Hiyo ni 60 na 396, jumla 456. Ukibakizwa kwa 18 kwa miezi 24 unalipa 432. Ofa iliyoandikwa kwa herufi kubwa ndiyo ghali. Uliza pia kama bei itapanda katikati ya mkataba; Uingereza, kwa mikataba mipya tangu Januari 17, 2025, ongezeko lazima litajwe kwa pauni na peni tangu siku ya kwanza badala ya kufungwa na mfumuko wa bei usiojulikana.

Wakati mzuri ni siku 30 hivi kabla ya mkataba kwisha, au wakati wowote kama umeshakwisha. Kabla ya hapo kampuni inajua huendi popote.

Ukipiga, kwenye menyu chagua sehemu ya kusitisha huduma au kuhama, si ya bili. Hiyo ndiyo inayofika kwenye kitengo cha kubakisha wateja. Ongea kwa utulivu na kwa namba: "Mkataba wangu unaisha tarehe fulani. Natumia GB 9. Kampuni nyingine inanipa hiki kwa bei hii, na ninyi mnampa mteja mpya kile kwa bei ile. Mnaweza kunipa nini?" Kisha nyamaza. Kutaja miaka yako saba hakusaidii sana. Kwenye skrini yake miaka saba inasomeka kama mtu asiyehama. Ofa ya kwanza mara nyingi si ya mwisho, hivyo si kosa kusema utafikiri na kupiga kesho. Mtoa huduma mwingine anaweza kuwa na nafasi zaidi.

Jihadhari na mambo matatu kwenye ofa ya kubakishwa. La kwanza, inaweza kuanzisha mkataba mpya wa miezi 24 bila hilo kusisitizwa. La pili, unaweza kupewa GB za ziada badala ya bei ndogo. Kama hutumii ulizonazo, hujapewa kitu. La tatu, ahadi ya mdomo. Omba iandikwe kwa ujumbe au barua pepe kabla ya kukubali, ikitaja bei, muda, na bei itakayofuata muda ukiisha.

Wasipotoa kitu, omba msimbo wa kuhama, yaani ule unaoupeleka kwa kampuni mpya ili ihamishe namba yako. Kuuomba hakukulazimishi kuondoka, na mara nyingi ndio unaoamsha ofa ya kweli. Uingereza hutumwa neno PAC kwenda 65075 na msimbo unadumu siku 30. India hutumwa PORT na namba yako kwenda 1900.

Kuhama kunavyoharibika

Kosa kubwa ni kuifuta laini ya zamani kwanza. Namba iliyofutwa haina cha kuhamishwa. Acha laini ya zamani ikiwa hai, peleka ombi kwa kampuni mpya, nayo namba ikihama, ya zamani inajifunga yenyewe. Kosa la pili ni jina: usajili wa laini usipolingana na kitambulisho chako ombi hukataliwa, na hili huwakuta sana wanaotumia laini iliyosajiliwa na ndugu. Deni la muda wa maongezi uliokopa nalo huweza kuzuia uhamisho.

Salio la vocha, vifurushi na pointi havihami nawe. Pesa iliyo kwenye akaunti ya simu pia haihami, kwa kuwa akaunti ni ya kampuni, namba ni yako. Itoe au ihamishe kwanza, na kama una mkopo au akiba humo, malizana nayo. Kwa watu wengi kamba hii ndiyo nene kuliko mkataba wowote, na kampuni zinalijua hilo.

Hama asubuhi ya siku ya kazi. Kwa saa kadhaa unaweza kupiga lakini usipokee, au ujumbe wa uthibitisho wa benki usifike. Ukihama Ijumaa jioni na kitu kikakwama, unaweza kukaa hadi Jumatatu bila mtu wa kukitatua.

Kama kamba ni nene mno, tumia laini mbili. Namba ya zamani ibaki kwa kupokea simu, ujumbe na pesa, ukiwa na kifurushi kidogo kabisa. Data iende kwenye laini ya pili ambayo unaibadilisha kila ofa ya ugeni inapokwisha. WhatsApp itaendelea na namba ya zamani hata kama intaneti inatoka kwenye laini nyingine. Gharama yake ni kukumbuka kuitumia laini ya kwanza mara kwa mara isifungwe, na kuzima data kwenye laini hiyo ili isile muda wa maongezi kimya kimya.

Na kwa aliyekuwa kwenye bili: usisitishe makato ya benki siku unayohama. Subiri bili ya mwisho ije, hakiki kwamba imehesabiwa hadi siku ya kuhama tu, ilipe, ndipo uyasitishe. Bili ya mwisho iliyorudi bila kulipwa, hata ya siku tatu, inaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni na kukuharibia rekodi ya mikopo.